Gitaa Lisilo na Mchubuko

Corona, California

Baba,

Shikamoo. Huku wazima, shangazi Lucha bado anapika tamale za kulisha mtaa mzima.

Karakana yetu inauza magitaa mapya ya besi yaliyochakazwa makusudi ili yaonekane ya zamani. Mchakazaji ni mimi: nabandua rangi pale mkono wa mpigaji unapolala. Jana bosi alinyanyua moja, akacheka: "Graciela, hili limezeekea harusini!" Nikamjibu, "Huo mkono wa babangu, bwana, mpiga besi wa harusi za kwetu Jerez. Nimeukariri."

Nakutumia gitaa jekundu, linang'aa. Wenzangu waliuliza mbona sijalichakaza. Nikawaambia wanyamaze, hilo lina mwenyewe.

Daktari anasema mkono wako uliopooza utaamka polepole. Ukiamka, Baba, lichubue mwenyewe.

Binti yako,
Graciela