Gari Liko Juu ya Mawe

Baba Judica,

Ndama hajanyweshwa. Ugali nimeufunika.

Asubuhi, ulipokwenda Babati kutafuta shafti ili gari lisukumwe na magurudumu ya nyuma, mama yako alizidiwa. Simu yako haikupatikana. Injini ndogo iliyokuwa ikimfikisha kliniki kila mwezi uliing'oa, eti haipandi mlima wa Yaeda Chini. Hiyo kubwa ya kuweka badala yake bado inaning'inia kwenye mnyororo. Tulimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Amefia njiani.

Nimerudi kuchukua shuka lake. ~~Baki na gari lako.~~ Njoo hospitali tulikoufikisha mwili, wewe ndiye mzaliwa wake wa kwanza.

Tulipofika Bashay alisikia gari linakuja nyuma yetu, akauliza kama ni wewe. Nikamwambia ndiyo.

Mama Judica