Kitambaa cha mfuko wa nyuma

Shoga, ukiona meseji hii nijibu haraka.

Nilikuwa naandaa bampa la plastiki la gari, lipakwe rangi, pale gereji kwa baba mkwe. Nimepiga msasa, nimelifuta mafuta kwa kitambaa chenye thina, ile ya kuyeyushia rangi, inayoshika moto kama petroli, limekauka. Nikawasha kichomeo cha gesi, maana plastiki usipoipitishia moto kidogo, rangi inabanduka.

Na kile kitambaa cha thina? Nilikisokomeza mfuko wa nyuma wa suruali. Wa NYUMA, shoga! Kimelowa chapachapa!

Nataka kugeuka na moto wangu, namsikia baba mkwe: "Usigeuke."

Nikadhani nyoka.

"Usigeuke, mwanangu." Sauti ndogooo.

Yule mzee ambaye kwa heshima ya ukwe hata chumvi hanipi mkononi, ananiwekea mezani! Leo katumbukiza mkono mfukoni mwangu akakichomoa. Mimi kwa mshtuko nikaruka na kichomeo changu, moto ukakidaka kitambaa mkononi mwake. Fuuu!

Sasa hivi ningekuwa mkaa.

Kafungwa bendeji, macho chini. Na mimi macho chini.

Sasa mume wangu kanisimamia hapa, anauliza baba alikitoa wapi hicho kitambaa kilichomuunguza mkono. Nimwambie mfukoni mwangu?