Hamira Ni Jamaa Yetu

Laini Saba, Kibera
12 Juni 2025

Mpenzi dada Mabrouka,

Asalamu aleikum. Leo nitakueleza yote, hata niliyoapa kuyanyamazia. Huko Gatina mko salama? Kifua chako je? Sisi tunaendelea, isipokuwa Riyadh. Ndugu yetu siku hizi hutembea akishika mabati ya watu, na vijana wa hapa relini humwita mlevi. Yeye huwajibu waache wivu, wakanunue pombe yao.

Sipigi simu kwa kuwa Mama husikia kila kitu.

Unakumbuka kazi yangu ya kongamano la sayansi? Madam Wakarima, mwalimu wa bayolojia, alitupatia protini zenye chuma na salfa, na nyingine inayosaidia kuziunda, zimeandikwa kwa herufi karatasini. Tulipanga za bakteria, za hamira na za binadamu, moja chini ya nyingine, kisha tukachora mti wa ukoo wao. Alisema sehemu ambazo hazijabadilika tangu bakteria ndizo ambazo uhai hauwezi kuzikosa. Baba alipouona mti alicheka, akauliza kama hamira ya mandazi nayo italetewa kadi ya harusi yako.

Mimi sikucheka. Ile protini inayounda wenzake ndiyo daktari aliyosema imepungua mwilini mwa Riyadh. Ikipungua, neva za miguu huchakaa. Madam alinieleza taratibu kwamba mtoto huugua akirithi kasoro kwa baba na kwa mama pia, nao wazazi huwa wazima kabisa. Wetu ni watoto wa ndugu. Na Yasin ni mtoto wa ami yetu. Alipokuposa, nyumba nzima ilipiga vigelegele kwamba damu imerudi nyumbani. Tafadhali, mpimwe nyote wawili kabla ya nikahi.

Sasa lile lenyewe, ambalo hata Madam halijui. Nikitia udhu, nikifumba macho kuosha uso, nayumba, kama Riyadh alivyoanza. Nimezoea kuegemea ukuta. Ijumaa nilianguka na ndoo, nikamwambia Mama nimeteleza kwa sabuni. Naogopa, dada. Nikivuka reli natazama miguu yangu kama ya mtu mwingine. Bado natumaini ni woga tu wa kusoma sana habari za ugonjwa huu.

Riyadh anakusalimu, anasema umwekee pilau ya harusi. Mwenyezi Mungu akulinde.

Mdogo wako akupendaye,
Malika

Rafiki yangu Fahima, aliyekuletea barua hii, atangoja jibu mlangoni. Nenda kwanza ukanawe uso, usishike ukuta. Ukifumba macho, unasimama?