Wifi Aliyenitoa Kwenye Foleni ya Chanjo

Columbus, Ohio
Mwezi wa tatu

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako je, linakunjika sasa? Na baba mdogo kifua kimemwachia? Huku theluji inayeyuka, barabara ya Morse ni tope tupu, lakini tunapumua. Nimeona niandike, kwa sababu simu yako ukiiweka sauti ya juu kambi nzima inasikiliza, na haya ni ya masikio yako tu. Mzee wa kanisa anasafiri Jumatatu, atakuletea.

Najua wameshakufikia. Mamamkwe alikupigia toka Buffalo, shemeji naye toka Louisville, wote wimbo mmoja: mwambie binti yako amsamehe Spesioza. Sasa sikia na upande wangu.

Unamkumbuka wifi Spesioza, yule aliyesimamia mstari wa unga kule kambini na fimbo yake, huyu pita, yule rudi. Mama, alipanda ndege na fimbo ile kichwani! Mwezi wa kumi manesi walikuja kanisani kwetu baada ya ibada kuchanja watu chanjo ya mafua, bure. Kwa kuwa yeye alitutangulia kufika na Kiingereza anakijua, akapewa kazi ya kutafsiri. Nikapanga foleni na tumbo langu la miezi minne. Nilikuwa nimeshakaribia meza aliponishika mkono mbele ya kwaya nzima.

"Wewe toka. Ya bure ni ya wazee na wenye sukari. Mtu mzima na nguvu zako, unapenda vya bure hivyo?"

"Wifi, niulizie basi kwa nesi. Mimi ni mjamzito."

"Nimuulize nini? Ndiyo kabisa usichomwe, utamuua mtoto."

Wenzangu wa sauti ya kwanza wakaangua kicheko. Nikatoka uso umenishuka. Na nesi alikuwa pale pale, wa kumgusa bega tu! Hakuulizwa hata neno moja. Chanjo zikabaki, nikawaona wakizirudisha kwenye maboksi.

Januari mafua yakanikuta. Si haya ya kupiga chafya na kunywa chai ya tangawizi. Mkweo Emanueli alirudi toka kazini ghalani akanikuta nimelala kwenye sakafu ya bafu, siwezi kumaliza sentensi bila kuhema. Hospitali wakaniwekea mipira ya hewa puani. Mtoto akatolewa kabla ya wakati wake, mdogo wa kuenea kwenye viganja vya baba yake, wakamweka kwenye kisanduku cha joto. Nilimwona kwenye picha ya simu kabla ya kumwona kwa macho. Nililia, mama, nililia mpaka nesi akaja kunishika mkono.

Nesi huyo aliniuliza, kupitia mkalimani wa kwenye simu, kwa nini sikuchanjwa. Nikasema niliambiwa si ya wajawazito. Akamwomba mkalimani arudie, akidhani hakusikia vizuri. Kisha akasema wajawazito ndio wa mbele kabisa, pamoja na wazee, watoto wadogo, wenye pumu na wenye sukari. Chanjo haizuii kila kitu, akasema, lakini ingenipunguzia mateso. Na kwamba mtoto hachanjwi mpaka afikishe miezi sita, kwa hiyo wachanjwe wote watakaombeba.

Watakaombeba! Hapo nikatabasamu mara ya kwanza tangu nilazwe. Unajua ukoo wa kina Emanueli: siku ya kumtoa mtoto nje, shangazi ndiye humbeba mbele ya watu na kulitaja jina lake.

Tuliporudi nyumbani Spesioza akaja na sufuria ya maharage na ndizi. Nikamsimamisha mlangoni.

"Wifi, umechanjwa?"

"Mimi? Sijawahi kuugua mafua maisha yangu."

"Basi toka."

Emanueli alijifanya anatafuta funguo. Loo, utamu wa neno lile! Ndipo simu za Buffalo na Louisville zikaanza. Sikulegea. Mwisho akakubali, Emanueli akampeleka. Kumbe mwenye fimbo anaogopa sindano! Alimng'ang'ania kaka yake shati mpaka kifungo kikakatika. Akarudi moja kwa moja kwangu, mkono wa gauni umekunjwa, ananionyesha plasta. Nikamwambia nesi alisema inachukua kama wiki mbili kushika. Nikafunga mlango, polepole, mtoto asishtuke.

Na pole hajasema mpaka leo. Anachosema ni kwamba alitafsiri alivyoelewa. Alielewa kwa nani? Kila nikimnyonyesha mtoto na kusikia anavyopumua kwa shida, moyo unachemka upya. Kwa hiyo usiniambie nisamehe, mama. Nitakusikiliza kwa mengine yote.

Wiki mbili zinaisha Jumapili hii. Nimeruhusu ambebe. Watu wote wameshangaa, mamamkwe amenisifu kwa simu.

Msalimie baba mdogo, na dada Yoranda anayekuchotea maji, na mama yangu wa ubatizo, mwambie kitenge chake ndicho nilichomfunikia mtoto tulipotoka hospitali.

Na wakikuuliza mjukuu wako anaitwa nani, waambie Ntiyabajije. Umesoma sawasawa, maana yake ndiyo hiyo hiyo: hakuuliza. Cheti kimeshaandikwa, Emanueli ametia sahihi. Ukiona nimembebesha mtoto ugomvi wangu, kumbuka wewe uliniita mimi Nzirubusa, ili yule jirani aliyekusingizia uchawi asikie kila ukiniita kwamba unajua anakuchukia bure.

Spesioza hajaambiwa. Jumapili atasimama na mtoto mikononi mbele ya kwaya ile ile, mchungaji atampa karatasi na kumwambia, shangazi, tutajie jina. Atalisoma kwa sauti. Kirundi anakijua, hahitaji mkalimani.

Binti yako,
Nzirubusa