Maman, Haikuwa Majivu

Maman,

Ninakuandikia mu kaye yetu, ile daftari ya muchezo, juu sina karatasi ingine, na juu mambo yenye ninataka kukuambia inaanzia humu. Usikasirike. Niko naandika nyuma ya ukurasa ya mwisho yenye uliandika weye. Sikufuta kitu.

Leo ni mercredi, imebaki siku tatu. Samedi tunatosha matanga yako, tunamaliza kilio. Toka lundi, siku mbili sasa, siwezi kukaa. Nimeosha sufuria zenye hazina uchafu, nimechagua mchele yenye ilikuwa safi, nimefagia kiwanja mpaka jirani wa chini akaniuliza kama tunangojea askofu. Fiston anasema, "Mama Neema, kaa basi, unanizungusha kichwa." Ninakaa. Kisha ninasimama tena.

Ni mashini, Maman. Ordinateur yako, ile kompyuta ya zamani.

Unajua namna inaendaka. Siku ya kutosha matanga familia inakaa, vitu ya marehemu inatoka inje, kila kitu inapata mwenyewe. Vitenge ni ya binti yako Aimée. Kiti ya Papa ni ya mutoto yako Fiston. Mimi niko bibi ya Fiston, mukwe tu, sina sauti mu ile mambo, na silalamike, njo desturi, hata kwetu Bunyakiri iko vile. Lakini lundi Aimée alipiga simu kutoka Minova. Akasema, "Mashini ya Maman ninaibeba miye. Bwana yangu ataitia mu fasi yake ya photocopie. Atafuta yote ya ndani, itakuwa sawa mupya."

Atafuta yote ya ndani.

Maman, nilidanganya. Kinywa ilifunguka yenyewe. Nikamwambia, "Ile mashini? Ilishakufa, dada yaya. Haiwake tena." Kisha akasema, "Pole." Yeye njo akaniambia mimi pole! Nikakata simu, nikaenda kuifunika na kitenge, na juu ya kitenge nikapanga masahani, sawa vile mutu anaficha mbuzi ya kuiba.

Toka pale, kila mutu akipita mu njia ninaruka.

Ngoja, maziwa ya Neema inataka kumwagika.

Nimerudi. Nilikuwa nasema nini? Unakumbuka vile nilianza. Mimba ya Neema ilikuwa na miezi saba, docteur akanikataza kuchota maji, kufua, hata kusimama sana. Mimi, mutu wa kutembea toka asubuhi! Nililia siku mbili. Siku ya tatu ukavuta kiti, ukaiweka kando yako. Ukasema, "Kuja hapa. Kama miguu yako wameikataza kutembea, tutatembeza huyu." Ukanionyesha bwana mudogo wa kofia, amesimama mbele ya nyumba kubwa, saa ya zamani mu mukono.

Nilifikiri unanichekesha. Weye, mama muzima, dactylo, mupiga mashini wa miaka yote ile mu biro ya kazi, unacheza muchezo ya ordinateur! Ukanieleza: biro ilipobadilisha mashini, wakakupa hii ya zamani, na muchezo uliikuta ndani, hukujua nani aliiweka. Bwana wa kofia anatafuta kuingia mu ile nyumba. Akizungusha saa yake nyuma, ni wakati ya mababu, nyumba iko mupya. Akiizungusha mbele, ni leo, nyasi imeota mpaka mu madirisha. Hakuna bunduki. Hakuna kukimbizana. Ni kuangalia, kusoma, kufikiri, kutosha kitu mu wakati moja na kuipeleka mu ingine.

Na yote iliandikwa Kifaransa. Mimi niliachia mu sixième primaire, darasa ya sita, mwaka ile tulikimbia mara ya pili. Nikakuuliza, "Maman, hapa inasema nini?" Ukavaa miwani yako, ukaangalia mu dirisha, pale kwenye kipande ya ziwa inaonekana. Ukasema, "Soma. Miye siko redio yako."

Ee, nilikuchukia ile siku! Kidogo tu. Nikasoma neno moja moja, sawa mutu anatosha miiba mu muguu. *Porte. Fermée. Clé.* Mulango, imefungwa, ufunguo. Nikikosea, hukusema kitu, unapiga meza na kidole, mimi ninarudilia. Kisha Neema akazaliwa, nikarudi mu kiti yangu, yeye ananyonya, mimi ninasoma. Akisikia ile Kifaransa yangu anaacha kunyonya, anacheka. Na weye unamwambia, "Cheka tu, siku moja mama yako atakusahihisha daftari, tutaona nani atacheka."

Ulinipa neno moja, ninalishika mpaka leo. "Mapendo, siku tutafika mwisho ya hii muchezo utakuwa umesoma kitabu moja nzima, na hutajua uliisoma saa ngapi."

Hatukufika. Tulikwama kwa ule mutoto.

Mu wakati ya leo, mbele ya nyumba kuna mulango ya chuma, na mama moja muzee amekaa hapo, kichwa chini. Ukimubonyeza anasema tu eti hajui mutu, hafungulie mutu. Ukizungusha saa nyuma, fasi ile ile, kuna katoto kanamuke kamekaa chini, mikono mu makwapa, kanalia. Na toka juu kunaanguka vitu midogo midogo, rangi ya kijivu mu ile kioo ya zamani, pole pole, bila sauti. Ulipoona tu, ukasema, "Majivu. Volcan imelipuka."

Nani angekukatalia? Sisi watu ya hii ziwa, kitu ikianguka toka juu na haiko mvua, ni majivu ya mulima ya moto. Basi tukajua yote: nyumba yao imeungua, mutoto amepoteza wazazi. Tukamufanyia yote yenye wanafanyiaka mutoto wa vile. Bwana wa kofia akachota maji mu kisima, akamupelekea. Akakataa. Tukamupa mukate, akakataa. Tukatafuta mama yake kando zote ya nyumba. Tukatafuta moto fasi yenye inawaka, tuizime. Miezi ine, Maman, bwana wa kofia anatembea na ndoo ya maji, na mutoto anatikisa kichwa tu.

Mu mufuko ya bwana wa kofia tulikuwa na kamba, kisu, na blanketi. Mu kaye uliandika: *Blanketi: TUSITOE.* Ukapiga mistari mbili chini. Nilipokuuliza sababu, hukuangalia mu dirisha, uliniangalia mimi. "Mu kukimbia mutu anaacha kitanda, anaacha mbuzi, anaacha hata mulango wazi. Blanketi haiachwake. Ukiitoa, batoto yako batalala na nini?" Mimi nilitoka Bunyakiri mu mugongo ya mama yangu, ndani ya blanketi moja. Tukaichunga.

Kisha tension, ile presha yako, ikakubeba. Asubuhi tulikunywa chai, saa kumi ulikuwa umeisha. Bwana wa kofia akabaki amesimama na ndoo yake.

Kwa hivi lundi, nilipokwisha kudanganya, nikajiambia: nifike mwisho mbele ya samedi. Nikifika, wafute. Kila courant ya umeme inaporudi natosha masahani, nafunua kitenge, nakaa. Naipeleka ile ndoo. Mutoto anatikisa kichwa. Nasimama, nazunguka meza, nakaa tena. Ndoo. Kichwa. Fiston akaniuliza kama ile kitu itanipa kazi. Nikamwambia ndiyo. Sijui juu ya nini nilisema ndiyo, lakini nilisikia ni kweli. Siku hizi ninasoma karatasi ya dawa ya dispensaire bila kuuliza mutu. Nilisoma hata ile yenye walibandika ku kanisa, nikamusomea jirani, na hakujua kama mimi ni yule wa neno moja moja.

Jana, saa nane, mvua ya mawe ikapiga hapa kwetu Nguba. Ulijua makelele ya ile mabati yetu, sawa wanamwanga changarawe. Ilipopunguka Neema akatoka mbio, kiwanja yote nyeupe. Akaokota mawe ya mvua mikono mbili, anacheka, anayatia mu kinywa. Nikamwacha. Mara nikasikia kilio. Alikuwa amekaa chini pale pale, vidole nyekundu, mikono ameitia mu makwapa, anatetemeka.

Nikakimbia kwake, na unajua nilimuuliza nini? Nikamuuliza sawa mujinga, "Unataka maji?"

Akatikisa kichwa.

Nikamubeba ndani, nikamufunika na blanketi yako ya bulu, njo ilikuwa karibu. Akanyamaza. Na mimi nikabaki nimesimama katikati ya nyumba, mudomo wazi.

Maman. Haikuwa majivu.

Ilikuwa theluji! Ile yenye tunaonaka tu ku kadi ya Noeli. Nyumba yao haikuungua, paa iko mzima, hatukuangalia hata siku moja juu ya paa. Mama yake hakupotea. Mutoto alikuwa anasikia baridi, njo hiyo tu, na sisi wakubwa wawili miezi ine tunamuletea maji.

Nilitosha masahani moja moja juu ya kitenge. Courant ilikuwepo, hata sijui namna gani na ile mvua. Neema ku magoti yangu ndani ya blanketi yako. Nikafungua kaye, nikaona maandiko yako, TUSITOE, na ile mistari mbili. Toka niolewe mu nyumba yako sijakukatalia kitu, hata chumvi. Nikasema kwa sauti, "Maman, unisamehe." Nikatoa blanketi.

Mutoto akajifunika. Akasema neno moja, *merci*, asante. Hakuna muziki, hakuna kitu ingine, nikafikiri nimekosea na sasa hatuna hata blanketi. Nikazungusha saa mbele.

Yule mama muzee wa mulango, Maman, alikuwa na blanketi ku mabega. Ile ile. Imechakaa, imejaa viraka, rangi imekwisha. Akainua kichwa, mara ya kwanza tukaona uso yake. Na chini kukaandikwa maneno, nikayasoma peke yangu, bila kidole yako ku meza, mara moja tu, bila kurudilia. Kwa Kiswahili yetu inasema: "Nilikuchungia hii. Ingia."

Mulango ikafunguka.

Sikuingia. Nilichunga ile fasi tumefika ili isipotee, kisha nikakaa. Kweli nilikaa, Neema ni shahidi. Nilikuwa nafikiri juu ya Aimée. Mutoto wako wa tumbo, hakuwako siku ulikufa, njia ilikuwa mubaya. Na mimi nikamwambia kitu ya mwisho yenye mikono yako ilikuwa inagusa kila siku imekufa nayo. Akaniambia pole.

Nikapiga simu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, ikatoka hii tu: "Yaya, mashini iko muzima. Nilikudanganya."

Aimée akasema, "Nilijua."

"Ulijua namna gani?"

"Weye Mapendo, unaniambia mashini imekufa, na nyuma yako ninaisikia inanguruma sawa moteri ya mutumbwi!"

Nikacheka. Akacheka. Kisha tukalia wote wawili, credit ya simu inaenda. Nikamueleza majivu, ndoo, mvua ya mawe, yote. Akauliza, "Na Maman akakubali utoe blanketi?" Nikamwambia hapana, hukukubali, nilitoa tu. Kisha akaniambia kitu yenye hukuniambiaka: eti naye ulimuwekaka mu ile kiti, akiwa na miaka kumi na mbili. Akakuuliza inasema nini, ukamujibu hukuwa redio yake. Akakasirika, akaenda kucheza inje, hakurudi tena. Akasema, "Nilikuwa nangojea aniite mara ya pili."

Nikafunua kaye nitafute jibu mu maandiko yako. Weye ungejua.

Atakuja vendredi, kesho kutwa, hatangojea samedi. Mashini itaenda Minova, ni yake, na mimi mwenyewe nitaibeba mpaka ku motoka. Lakini amesema hakuna mutu atafuta kitu ndani mpaka yeye afike mwisho, hata bwana yake apige kelele namna gani. Na nimesikia moyo inauma, siwezi kukuficha, nimezunguka tena kiwanja leo asubuhi. Jirani akasema, "Kumbe askofu hajafika?" Nikamwambia yuko njiani.

Sambaza nimeshanunua, zile samaki midogo mukavu, vile Aimée anapendaka. Vendredi nitavuta kiti yangu, nimupe yeye. Mimi nitakaa mu kiti yako, unisamehe mara ya pili. Tutaingia mu ile mulango pamoja, na najua maneno iko mingi ndani na yeye atachoka, ataniuliza, "Hapa inasema nini?" Nitaangalia mu dirisha. Sitamusomea, Maman. Nakuahidi. Nitapiga meza na kidole, na akitaka kusimama aende zake, nitamuita mara ya pili. Na Neema akifika miaka yake, naye itakuwa vile.

Kaye inabaki kwangu. Chini ya ile mistari yako mbili nimeandika neno moja: *Tulitoa.*

Basi, kwaheri, Maman. Kule juu kwenye tulikulaza upepo iko mingi.

Ujifunike.

Mutoto yako,
Mapendo