Acha Ile Samli, Mama Deeqa

Mama Deeqa,

Assalamu aleikum. Naomba barua hii iwakute hapo Ijara na amani, mbuzi wamezaa na mvua imewakumbuka. Mimi huku Dagahaley ni mzima, mgongo tu unalalamika kwa sababu ya magunia ya duka.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Kwa simu, hooyo, mama yangu, hufungua sauti mpaka majirani wanatoa maoni. Barua hii hataielewa. Akiuliza, sema ni habari za mbuzi.

Neno lenyewe ni hili: acha kunywa samli. Acha leo, hata kabla hujamaliza kusoma.

Uliniambia hedhi imekatika, mchana unawaka kama umemeza jiko, na moyo unakimbia ukiwa umekaa tu. Ukasema, "Baba Deeqa, nipeleke hospitali." Mimi nikajifanya daktari. Nikasema moyo ukitetemeka umekauka, ni kama ngamia wa kiangazi aliyeishiwa nundu. Nikatuma samli madumu mawili na mafuta ya nundu juu yake, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Kaka yako Abdi alisema ni jini, nikamcheka. Wallahi, jini lake lina afadhali kuliko madumu yangu.

Juzi nilienda kliniki kwa ajili ya mgongo. Nikamuuliza sister, mama mmoja Mborana, mkali:

"Kuna rafiki yangu, mke wake anawaka joto na moyo unakimbia. Amempa samli. Ni sawa?"

"Mke ana miaka mingapi?"

"Hamsini na moja."

"Na huyo rafiki amesoma?"

"Mpaka darasa la nane."

"Walimu walihangaika bure."

Akanieleza polepole. Mwanamke akiwa bado na hedhi, kuna homoni mwilini inayosaidia mishipa ya damu ikae laini. Hedhi ikikoma, inapungua. Mishipa inaanza kukakamaa, presha inapanda, mafuta mabaya yanaongezeka kwenye damu, na moyo unaweza kuugua bila mtu kujua. Hilo joto si jini wala si hasira. Moyo kukimbia huenda ni mambo hayo hayo, lakini lazima upimwe.

"Na huyo rafiki yako," akasema, "juu ya yote hayo anaongeza mafuta."

Nisamehe, Fadumo. Uliomba hospitali, nikakupa nundu.

Kesho nenda wakupime presha, sukari na mafuta ya damu. Usingoje ruhusa yangu, ruhusa yangu ndiyo imetufikisha hapa. Tembea kila siku, punguza chumvi. Samli iliyobaki usimpe hooyo, na yeye ana moyo. Paka ule mlango unaolia.

Nilipokuwa natoka, sister akaniuliza, "Lakini rafiki yako anampenda mke wake?"

"Sana. Alituma madumu mawili."

Akavuta ile mashine ya presha. "Basi kaa chini, tumpime na yeye."

Ilikuwa juu. Sasa nakunywa dawa, na samli yangu nimempa paka wa duka.

Msalimie hooyo. Binti yetu Deeqa aende na wewe hospitali, asikubali urudi njiani. Shemeji Abdi mwambie nimeacha kumcheka.

Ni mimi, yule rafiki,
Baba Deeqa