Bushiri na Mazungumzo Yaliyovunjika

Mtaa wa Lindi,
Gerezani,
Dar es Salaam.
Jumapili, 8 Februari

Mpendwa mdogo wangu Sitara,

Asalaam aleikum. Hujambo, mdogo wangu? Shemeji Abdulkadiri hajambo? Hajira na Ismail wanaendeleaje na shule? Sisi hapa tunavuta pumzi. Wifi yako Chiku anakusalimu sana. Goti lake bado linamtesa, ngazi za sokoni amezikatia tamaa, siku hizi mboga analetewa mlangoni. Mimi presha inapanda na kushuka, dawa nameza. Joto la mwezi huu unalijua, feni inazunguka lakini hewa yenyewe ni ya moto. Huko Maskati nasikia kuna kaubaridi kidogo. Kama ni kweli, mshukuruni Mungu.

Barua hii anakuletea Badria, binti wa nyumba ya pili hapa mtaani, anayekuja huko kuanza kazi. Nimemwomba akukabidhi mkononi na akae nawe mpaka umalize kuisoma. Kama yuko mbele yako sasa, tafadhali usimruhusu aondoke.

Mara tatu nimekupigia simu nikiwa nimejipanga kusema, na mara tatu nikaishia kukuuliza habari za watoto.

Sitara, Bushiri hayuko kiwandani. Hajawahi kuwa kiwandani, na mimi nimejua tangu mwezi wa saba mwaka jana.

Acha nikueleze tangu mwanzo, maana una haki ya kujua kila kitu. Unamfahamu mwanao, injini alikuwa anaisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Gerezani nzima mafundi wazee walikuwa wanamwita aje aseme gari lina tatizo gani. Yule wakala aliyemtafuta alikuwa na ofisi nadhifu ghorofa ya tatu, karibu na Msimbazi. Alisema wanataka mafundi wa kiwanda cha matrekta. Ilitakiwa sahihi ya mzazi. Wewe uko mbali, baba yake marehemu, nikaenda mimi. Karatasi zilikuwa na tafsiri ya Kiswahili, isipokuwa ukurasa wa mwisho.

"Na huu?" nikamuuliza.

"Huo ni utaratibu tu, mwalimu. Wote wanasaini."

Nikasaini. Akafunga faili, akatupa mkono mimi na Bushiri. Siku hizi ofisi ile ina kufuli na kibao kimeng'olewa.

Mwezi wa saba nikapokea ujumbe wa sauti kwenye simu. Nimeusikiliza mara nyingi sana, naujua wote. "Mjomba, shikamoo. Sina muda. Huku hakuna matrekta. Wametuvisha magwanda, wametufundisha wiki mbili, sasa natengeneza vifaru na malori huku mbele kabisa kwenye mapigano. Nilipokataa walinionyesha karatasi yenye sahihi yangu na yako. Usimwambie mama. Nakuomba, mjomba, usimwambie mama."

Nikatii ombi la mtoto. Ulipokuwa unaniuliza mbona hapigi, nikakwambia simu za kule ni mbovu. Huo ndio uongo wangu, na ulikaa miezi saba.

Nchi yenyewe sitaitaja, barua inapita mikono ya watu uwanja wa ndege, na wewe unaijua. Mtawala wake alianza kwa kufunga magazeti. Halafu akafunga waliokuwa wanampinga, halafu akabadilisha katiba ili asiondoke. Mataifa makubwa yakanung'unika huku yakiendelea kununua mafuta yake. Akachukua jimbo moja la jirani. Wakubwa wakakutana hotelini, wakaandika tamko, wakapiga picha. Akasubiri kidogo, akachukua la pili.

Mdogo wangu, somo hili nimelifundisha miaka thelathini na moja. Nilisimama mbele ya kidato cha nne nikieleza jinsi Italia ilivyoivamia Uhabeshi, na Shirikisho la Mataifa likaweka vikwazo vya kila aina ila mafuta, ambayo ndiyo yaliyokuwa yanaendesha malori ya vita. Nikaeleza jinsi wakubwa wanne walivyokaa Munich wakagawa nchi ya watu, na wajumbe wa nchi hiyo wakisubiri nje ya chumba. Wanafunzi walikuwa wananiuliza, "Mwalimu, ina maana hawakuona?" Nikawa nawajibu kwa kujiamini kwamba waliona vizuri, ila kila mmoja alitumaini zamu yake haitafika. Kisha kengele inalia, tunaenda kunywa chai. Na mtu huyo huyo aliyekuwa anajibu hivyo ndiye aliyetia sahihi ukurasa asioweza kuusoma, akampeleka mpwa wake huko huko.

Mwezi wa tisa Bushiri alitekwa na upande wa pili. Niliposikia nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijua mateka angalau analala chini ya paa. Nikaenda wizara ya mambo ya nje, na huko kwenye benchi ndiko nilikokutana na Melkiori. Ni mtu wa Songea, anapakua mizigo bandarini, anakaa Ilala na mkewe Scholastika. Mtoto wao Isidori aliondoka kwa karatasi zile zile na alitekwa siku moja na Bushiri. Tangu siku hiyo tukawa tunaenda pamoja kila Jumatatu, mimi na kanzu yangu, yeye na kofia yake ya bandarini.

Aliyekuwa anatupokea ni binti mmoja anaitwa Leticia. Sina la kumlaumu. Alikuwa akiandika barua, akipiga simu, akisubiri. Siku moja mwezi wa kumi na mbili akatoka mwenyewe mlangoni kutuita. Ilikuwa imetengenezwa orodha ya wageni watakaorudishwa makwao, na vijana wetu wamo. Bushiri wa arobaini na moja, Isidori wa arobaini na mbili. Melkiori alinibeba, Sitara. Mtu mzima, mwalimu mstaafu, nikainuliwa juu kama gunia mbele ya walinzi. Nikarudi nyumbani nikampa Chiku uongo mwingine wa furaha, nikamwambia Bushiri anakuja likizo. Akafua mapazia ya chumba chake.

Leticia lakini alikuwa ametuonya. "Wazee wangu, orodha itasainiwa kwenye mazungumzo ya amani, pamoja na mambo mengine. Bila mazungumzo hakuna orodha."

Mazungumzo yalianza katikati ya Januari. Hapa Kariakoo kuna mama anaitwa Evarista, anauza televisheni. Alikubali tukae juu ya maboksi dukani kwake tuangalie. Televisheni ishirini, zote zinaonyesha meza ile ile ndefu na chupa zile zile za maji. Siku ya kwanza walibishana nani akae wapi. Siku ya pili walisema kuna matumaini. Siku ya tatu, mchana, wateja wakiingia na kutoka, mtawala yule ilibidi afike mwenyewe. Hakufika. Akamtuma mtu ambaye, ilikuja kujulikana, hakuwa na ruhusa ya kusaini hata hati ya kupokea chai. Mtu huyo akakunjua ramani, akasema kabla ya lolote jirani atoe majimbo mengine mawili. Wajumbe wa jirani wakasimama. Wasuluhishi wakawa wanakimbia huku na huku kwenye korido wakiwasihi warudi, na wakubwa waliokuwa wameahidi kusimamia kila kitu wakatoka nje mmoja mmoja kuongea na waandishi.

"Wameahirisha," Melkiori akasema.

"Mpaka lini?"

"Hawajasema."

Leticia alituambia baadaye kwamba suala la mateka lilikuwa la saba kwenye ajenda. Hawakumaliza hata la kwanza.

Yaliyofuata umeyaona huko kwenye taarifa. Baada ya siku nne ndege za mtawala yule zikapiga bandari ya nchi ya tatu, kwa madai kwamba silaha za jirani zinapitia hapo. Nchi hiyo ina mkataba na wenzake, wenzake wakajibu. Na mtawala mwingine, upande mwingine kabisa wa dunia, alipoona wakubwa wameshikwa mikono, akavuka maji kukichukua kisiwa alichokuwa akikitamani miaka yote. Redio sasa zinasema ni vita ya dunia, tena zinatamka kwa sauti ya kawaida kama zinavyotangaza mvua. Hapa kwetu bandari imepoa, Melkiori anapangiwa zamu moja kwa wiki. Maduka mengi ya Kariakoo yamebaki na makasha matupu, na foleni ya dizeli inaanzia kituo cha mafuta hadi mbele ya karakana za Gerezani. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka.

Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, kambi ya mateka ilipigwa mabomu. Kila upande unasema ni mwenzake aliyepiga.

Leticia akatuita wote wawili. Nilipomwona amesimama nikajua. Isidori ametambuliwa kwa mkanda wa jina, amezikwa huko huko na wengine. Bushiri hayumo kwenye orodha ya waliokufa. Hayumo pia kwenye orodha ya walio hai. Nikamuuliza basi tumpigie nani, tuandike wapi. Yule binti akaweka mkono juu ya simu ya mezani, akasema, "Mzee wangu, wote niliokuwa nawapigia wameondoka. Ofisi zao zimefungwa. Sina tena mtu wa kumpigia." Akaanza kulia yeye, ikabidi sisi ndio tumbembeleze.

Hizo ndizo habari, Sitara. Nikikwambia yu hai nitakuwa nimekudanganya tena, na nikikwambia amekufa pia nitakuwa nimekudanganya.

Chiku nimemweleza siku hiyo hiyo. Hajasema nami neno zaidi ya yale ya lazima. Leo ndio kidogo ameniuliza kama nimekula.

Juzi tena alikuja Adamu, mwanafunzi wangu wa zamani, yule mrefu aliyekuwa kiranja. Alikuwa na bahasha mkononi. "Shikamoo, mwalimu. Nimepata kazi nje, ya kulinda maghala, wanataka sahihi ya mtu mzima anayenifahamu." Nikamkalisha, nikamweleza yote ya Bushiri bila kuficha. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Pole sana, mwalimu. Ila mimi siendi nchi hiyo. Mimi naenda kwa wale wa upande wa pili."

Nilimrudishia bahasha yake, nikamsihi, hata mkono wake niliushika. Kesho yake akanipungia akiwa ng'ambo ya barabara, sokoni, anatabasamu. Kashapata mtu wa kumsainia. Miaka thelathini na moja ya kufundisha, na sikuweza kumzuia mtoto mmoja.

Jana nilikwenda msibani Ilala. Melkiori amefunga turubai mbele ya nyumba, picha ya Isidori imewekwa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Padri alikuja, kwaya iliimba, wanawake walipika. Scholastika alikuwa analia kwa jina la mwanae na kila mtu alijua amshike vipi, amwambie nini. Melkiori akanikumbatia, akaniuliza, "Mwalimu, na wewe lini?" Hakuwa na nia mbaya. Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki, na nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine: nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu mtu aliyefiwa.

Nilipotoka nikapitia kwa shehe wetu nikamuuliza kama tunaweza kumsalia Bushiri swala ya ghaibu, ile ya maiti aliye mbali. Akasema hapana, hamsaliwi mtu ambaye kifo chake hakina hakika, tungoje habari. Nikamuuliza tungoje mpaka lini. Akanisindikiza mpaka barabarani. Unakumbuka bibi alivyokuwa akisimulia kwamba baba yake alikamatwa akabebeshwa mizigo ya jeshi, katika vita ile ile iliyoliachia soko letu jina la Kariakoo, na mkewe akakaa akimngoja hadi naye akazikwa? Tulikuwa wadogo, tukiona ni hadithi ya watu wa kale.

Nimekukosea mara mbili, kwa sahihi na kwa kunyamaza. Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kuja, chumba kipo. Ukitaka kunililia na kunitukana, mimi ni kaka yako, nitasikiliza mpaka utakapochoka.

Nisalimie sana shemeji Abdulkadiri, mwambie nimekuacha mikononi mwake. Wabusu Hajira na Ismail, na kama utaweza usiwaambie yote kwa mara moja. Chiku anasema anakupenda na hana neno lingine. Melkiori na Scholastika hamjaonana, lakini nao wamenituma nikupe pole, mzazi kwa mzazi. Mwenyezi Mungu akutie nguvu, akulindie hao wawili ulio nao mikononi, na Ramadhani ikufikie ukiwa mzima.

Kila ninapomaliza swala nanyanyua mikono kwa ajili ya Bushiri. Namwombea dua ya msafiri, Sitara, kwa kuwa ile nyingine sijaruhusiwa.

Kaka yako akupendaye, aliyekukosea,

Awadhi